Paa Likisonga Kimulot

Saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa nimeketi kitandani Sotik na kompyuta mapajani, nilibonyeza kitufe na paa likaanza kusonga Kimulot.

Sikulisikia. Kutoka chumba changu, nyuma ya duka la dawa za mifugo ninapofanya kazi, hadi shambani kwa Kogo ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, tena barabara ikiwa kavu. Nilichokiona ni picha ya kamera ndogo inayoona hata gizani, iliyo juu ukutani, kando ya mlango wa kibanda: mabati yakirudi nyuma juu ya reli zake, na mwanga wa mwisho wa siku ukiiangukia darubini. Kila jioni isiyo na mawingu ninafungua paa hilo. Watu wengine wakitoka kazini hupiga simu nyumbani. Mimi hufungua paa.

Kibanda kile kilijengwa na Fundi Joab Owiti, aliyekuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai. Alitoka upande wa ziwa na kupanga nyumba kwa bibi yangu Rodah, ambaye sisi tunamwita Kogo, akakaa miaka kumi na tisa. Reli alizichomelea mwenyewe. Mota ya paa ilitoka kwenye geti lililogongwa na lori. Nyota nilizijua kwake, na kama si yeye nisingesoma fizikia chuoni. Alipostaafu alirudi kwao, macho yakiwa yameanza kuingia giza kwa sababu ya presha ya macho, akaniachia darubini. Mimi nikaongeza sola, modemu na waya nyingi, ili popote kazi itakaponipeleka niweze kuiendesha. Kazi ya fizikia sijaipata bado. Nitaipata. Kwa sasa nauza dawa ya kupe.

Jioni ile haikuwa kama nyingine. Jiwe moja la angani, lenye upana wa kama kilomita thelathini, lilikuwa linapita mbele ya nyota hafifu. Mahali kivuli cha jiwe la namna hiyo kinapopita duniani, nyota huzimika sekunde chache, kisha inarudi. Watu wanaopenda mambo haya, kila mmoja alipo, hupima sekunde zake, na zikiunganishwa umbo la jiwe linatokea. Kwenye ramani, kivuli kilikatiza Kenya kama barabara pana, na Kimulot ilikuwa ukingoni kabisa upande wa kusini. Mwalimu mmoja wa Kericho mjini, Sagini, alikuwa karibu na katikati. Ukingo wa kusini haukuwa na mtu mwingine ila sisi.

Fundi alikuwa amejaribu vivuli sita maishani mwake. Katika daftari lake, mbele ya kila tarehe, aliandika neno moja: mawingu.

“Hii ya saba sitaiona,” aliniambia kwa simu wiki iliyotangulia. “Nitaisikiliza tu. Daktari amesema jicho la kulia limebakisha miezi. Usiniandikie mawingu, Nelvine.”

“Siandiki, Fundi.”

Ahadi ya kijinga, kuahidi kuhusu mawingu ya milima ya Mau. Lakini anga lilikubali. Julai nzima ukungu ulikuwa umelalia majani chai mpaka mchana, na siku hiyo, kuanzia saa nane, ukaondoka. Kwa hofu ya umande nikawasha mapema, saa tisa, ule mkanda wa joto tulioufunga mdomoni mwa darubini. Kwa kawaida huuwasha usiku. Nilitaka kila kitu kiwe tayari.

Nyota ingezimika saa moja na dakika hamsini na nne.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini niliiagiza darubini iende kwenye nyota yake. Ilianza kugeuka, ikafika kama theluthi ya safari, ikasimama. Kompyuta ikaandika kwamba mota imezidiwa.

Nikajaribu tena. Ikasogea upana wa kidole, ikasimama.

Ukiwa kando ya mashine iliyokwama, mwili wako unakusaidia. Unasikia harufu ya waya ulioungua, unagusa, unatingisha. Ukiwa mbali una namba tu. Betri ilikuwa na volti kumi na mbili na nusu, nzuri. Nikapunguza mwendo wa mota mpaka nusu, haikusaidia. Nikazima umeme wote wa kibanda, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Modemu ilichukua dakika sita kurudi, na dakika hizo sita niliketi nikitazama ukuta wangu wa Sotik, ambapo kuna kalenda ya duka yenye picha ya ng'ombe wa gredi na hakuna kitu kingine. Mtandao uliporudi, darubini ilisimama palepale.

Fundi ana kanuni, ameiandika kwa chaki ndani ya mlango wa kibanda: Umeme, waya, njia, halafu ndio mota. Umeme nilishaupima. Waya ziliwahi kuliwa na panya mwaka jana, lakini safari hii kila kifaa kilijibu. Njia, yaani kitu chochote kinachoweza kuizuia darubini isigeuke, niliitazama kwa kamera nikaona sakafu tupu na nguzo. Basi ni mota, nikasema. Mota imekufa, leo, na hakuna mtu wa kuifungua.

Saa moja na dakika kumi na tisa nikampigia Kogo.

“Chamgei, Kogo.”

“Chamgei mising. Umekula?”

“Bado. Uko wapi?”

“Niko tu.”

“Tafadhali nenda kwa kibanda. Darubini imekwama na Fundi anangoja.”

“Imekuwa mgonjwa tena? Hata ng'ombe hainisumbui hivi. Ng'ombe nikiita daktari anakuja na pikipiki.”

“Kogo, haraka. Na usianguke.”

“Nimefika.”

Kogo ana miaka themanini na magoti mabaya. Kutoka jikoni kwake hadi kibandani anatumia dakika tano na fimbo. Lakini wakati huo sikulifikiria hilo.

“Unaona nini?”

“Naona darubini.”

“Kuna kitu kinaizuia? Angalia nyuma ya nguzo, upande kamera haioni.”

“Hakuna kitu.”

Kisha nikasikia, kwa simu, kitu kikiburutwa polepole juu ya saruji, kama mtu anayehamisha kiti kanisani wakati wa maombi. Kwenye picha, chini kabisa, ukatokea mkono wake, halafu kreti ya soda, na juu ya kreti vibuyu viwili vimevikwa sweta yangu ya zamani ya shule.

“Kogo. Hiyo ni nini?”

“Ni sotet tu.”

“Si tulikubaliana hakuna kitu kinaingia hapo ndani?”

“Sasa ningefanya nini?” Sauti yake ikapanda. “Hii baridi ya Julai, maziwa inakataa kulala. Siku tisa na bado ni kama maji. Leo mchana nikapita nikagusa hiyo mkanda yako, iko na joto kama tumbo ya kuku. Nikasema, Nelvine amefikiria bibi yake. Nikaweka karibu. Sikujua ingetaka kugeuka huko.”

Nilifunga macho. Mota haikuwa imekufa. Ilikuwa inasukuma vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

“Haijamwagika?” niliuliza.

“Wacha kuuliza maziwa. Uliza kitu yako.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, lakini ilikuwa saa moja na dakika ishirini na saba. Nikamwambia atoe kreti hadi mlangoni, azime tochi na asiguse chochote. Darubini ikageuka huru. Ila kwa kule kusukumana ilikuwa imepoteza hesabu yake. Ilidhani inatazama mahali fulani, kumbe inatazama pengine. Nikapiga picha ya anga kupitia darubini, kompyuta ikailinganisha na ramani ya nyota, ikashindwa. Nikapiga nyingine, nikiiachia mwanga muda mrefu zaidi. Ikashindwa. Nikaisogeza kidogo kuelekea mashariki, nikapiga ya tatu, na baada ya muda ambao nilihisi ni wa wiki nzima ikapata. Saa moja na dakika arobaini na tano nyota yetu ilikuwa katikati ya kioo: nukta moja ya kijivu ambayo hakuna mtu angesimama kuitazama.

Nikaanza kurekodi. Zilibaki dakika tisa.

“Kogo, rudi nyumbani upate joto, lakini usiwashe tochi mpaka utoke nje kabisa.”

“Magoti hayataki giza. Nitakaa.”

“Kuna baridi.”

“Kila siku kuna baridi.”

Ndipo nikakumbuka jinsi alivyofika haraka. “Kogo, nilipopiga simu ulikuwa wapi?”

“Si hapa, kwa stuli.”

“Stuli gani?”

“Ya Fundi. Iko chini ya hiyo jicho yako ya ukutani, ndiyo maana hunioni.” Alikohoa. “Paa likisonga najua umefika. Nikimaliza kukamua nakuja nakaa kidogo. Ukigeuza hiyo kitu naona unafanya kazi. Ikinyamaza najua umelala, naenda.”

Tangu Januari nilikuwa nimefungua paa lile jioni nyingi kuliko nilivyompigia simu. Nilikuwa nikitazama kibanda kitupu kwenye kamera na kusema moyoni, angalau hapo ni nyumbani. Na mtu wa nyumbani alikuwa ameketi chini ya kamera, hatua moja kutoka kwenye picha, akinitazama kwa njia pekee niliyomwachia.

“Na maziwa ni ya nani?” niliuliza, ingawa nilijua.

“Ulisema Pasaka utakuja. Nikafanya. Hukuja, nikapatia Kipruto wa hapo chini, akasema ni tamu sana, mwambie Nelvine akose tena. Ukasema mwezi wa sita. Hiyo tukakunywa na watu wa kanisa. Hii sasa ni ya tatu. Sitaki Kipruto aizoee.”

Dakika tatu. Simu haikukatwa. Nilisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi ng'ombe mmoja akilalamika mbali, na ule mlio mdogo wa mota ya darubini ikiifuata nyota. Ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miezi saba kukisikia kibanda.

“Usiongee sasa,” nikanong'ona, kana kwamba nyota ingesikia.

Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Nukta ilitetemeka, kama zinavyotetemeka zote juu ya mashamba ya chai yenye unyevu. Nilingoja izimike. Nilijua namna ya kuzimika, nilikuwa nimetazama rekodi za wengine mara mia. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Nukta ilikuwa palepale, kijivu, tulivu, haina habari na mtu.

“Imezimika?” Kogo akauliza.

“Haijazimika.”

“Ni kwa sababu ya maziwa yangu?”

“Hapana, Kogo. Kivuli hakikufika.”

Nikaacha irekodi mpaka saa mbili na dakika tano, kama kanuni inavyotaka. Sagini akatuma ujumbe kutoka Kericho: sekunde mbili nukta saba, safi kabisa, na alama nyingi za kushangilia. Nikamwambia Kogo asikate simu, nikampigia Fundi kwa laini nyingine. Sijawahi kuona simu nzito kama ile.

“Fundi, ni mimi.”

“Mawingu?”

“Hakukuwa na mawingu. Lakini nyota haikuzimika. Nilikuwa nayo dakika ishirini nzima. Haikuzimika hata kidogo. Pole.”

Nilisikia redio nyuma yake, na mkewe Wilkista akiuliza, “Anasema nini?”

“Ulikuwa nayo?” Fundi akasema. “Saa ilikuwa sawa? Kila picha ina saa yake?”

“Kila picha.”

“Na yule wa Kericho aliona?”

“Sekunde mbili nukta saba.”

“Sasa pole ya nini, nyathina?” Hilo ni neno la kwao, mtoto wangu, na huniita hivyo akifurahi tu. “Aliyeona, anajua jiwe liko. Nani atajua linaishia wapi? Ni wewe uliyesimama mahali ambapo halikufika. Mawingu si jibu. Hapana ni jibu. Andika.” Kisha akamgeukia mkewe. “Wilkista! Leo tumeandika!”

Nikaandika. Jina la mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Mahali pa kuandika waangalizi niliandika Joab Owiti, kisha jina langu. Nikafikiri, nikaongeza la Rodah, kwa sababu alikuwapo, na mimi sikuwapo. Nikatuma.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufunga paa.

“Usifunge kwanza,” Kogo akasema kwenye ile simu nyingine. Nilikuwa nimesahau kwamba anaendelea kusikia. “Bado nimekaa.”

“Sawa, Kogo.”

“Hizi nyota ni nyingi. Fundi alikuwa ananionyesha, sasa nimesahau.”

“Jumamosi nitakuja nikuonyeshe. Nitaomba ruhusa dukani.”

Alikuwa amenisikia nikisema hivyo kuhusu Pasaka, na kuhusu mwezi wa sita.

“Utakuja kwa paa,” akasema, “ama kwa mlango?”

“Kwa mlango, Kogo.”

“Basi ulete sukari.”

Nikamtumia mwenye duka ujumbe saa ileile, kabla ujasiri haujaniishia. Kisha nikaweka simu sikioni na kungoja. Umande ulikuwa umeanza kushika kioo na nyota zikawa na ukungu, lakini sikulifunga paa. Niliketi Sotik nikitazama sakafu tupu ya kibanda, mpaka hatimaye, chini ya picha, ikatokea fimbo, kisha kilemba, kisha bibi yangu mzima, akitembea taratibu kuelekea mlangoni, kibuyu kimoja kikiwa kwapani ndani ya sweta yangu.