Milimita Moja kwa Siku

Fundi Kesho akikwambia gauni lako litakuwa tayari Ijumaa, itikia vizuri, mshukuru, halafu nenda kaazime gauni la mtu. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, maana kila aliyefika kibarazani kwake kuulizia nguo alijibiwa "njoo kesho", tena kwa tabasamu tamu hivi kwamba mtu aliondoka nusu ameridhika. Na Mungu ana mambo yake, kwa sababu mwanamke huyo aliolewa na Mzee Haraka, mwanamume anayevaa viatu akasimama mlangoni wakati chai bado haijachemka, na anayetazama saa ya mkononi hata akiwa hana anakokwenda.

Mwenye kisa hiki ni binti wa kaka yake Fundi Kesho. Alikuwa daktari wa mifugo, mwaka wa pili kazini, na mifugo ya shangazi yake ilikuwa mikononi mwake. Usicheke nikisema mifugo. Alikuwepo ng'ombe mmoja na ndama wake jike, mwenye doa jeupe lililomshuka toka utosini hadi puani kama shela, ndiyo maana wakamwita Bi Harusi.

Bi Harusi akaanza kukohoa. Daktari akaja na dawa. Chuoni alifundishwa, akarudiwa, akafundishwa tena kwamba ndama hupigwa sindano shingoni. Lakini siku hiyo ndama alikuwa amejibana pembeni mwa zizi, kichwa nyuma ya hori, makalio ndiyo yako nje, na Mzee Haraka amemsimamia binti wa watu kichwani, anatazama saa.

"Piga popote, mwanangu. Nyama ni nyama."

Akapiga kalioni. Ndama akaruka, sindano ikazama kuliko ilivyokusudiwa.

Asubuhi ya pili kikohozi kilikuwa kimepungua, ila mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unaburuzwa. Ukwato ulikunjika kinyume, ndama anakanyagia mgongo wa ukwato badala ya wayo. Daktari aliinama, akaushika ukwato, akaugeuza. Hakuhitaji kufungua kitabu chochote. Sindano yake ilikuwa imeuchoma mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoteremka kutoka uti wa mgongo kupitia pajani.

"Amepatwa na nini?" shangazi aliuliza.

"Huenda alilala vibaya, Shangazi. Mshipa wa fahamu ukabanwa."

Mshipa ulikuwa umeumia kweli. Hilo la kulala vibaya alilitunga pale pale.

Mzee Haraka hakuwa na muda wa kuuliza mengi. "Ng'ombe wa miguu mitatu ni kitoweo. Jumamosi namwita mwenye bucha."

"Mjomba, nakuomba. Mshipa wa fahamu ukiumia unaota upya. Unachelewa tu. Milimita moja kwa siku."

"Milimita?" Fundi Kesho alivua futi yake ya kupimia shingoni, akaisogeza karibu na macho. "Hivi vistari vidogo? Mimi tangu nianze ushonaji sijawahi kuvitumia hivi."

Daktari akaichukua ile futi. Akaweka ncha yake kwenye kalio la ndama, akaivuta kufuata paja hadi chini kidogo ya goti, kwenye msuli unaoinua ukwato. Sentimita kumi na nane. Siku mia moja na themanini, akaongeza wiki mbili za mshipa kujipanga kabla ya kuanza safari.

"Miezi sita na ushee!" Mzee Haraka macho yakamtoka pima.

Fundi Kesho yeye akaangua kicheko hadi akashika ukuta. "Afadhali! Leo nimepata fundi anayenizidi kwa kuchelewa." Kisha akaacha kucheka, akamtazama binti wa kaka yake kitambo. "Haya, tarehe nimeisikia. Bucha asubiri."

Kazi ikaanza. Fundi Kesho alimshonea ndama kiatu cha turubai chenye godoro ndani, ili mgongo wa ukwato usichubuke kwa kuburuzwa. Kwenye mwimo wa mlango wa zizi akapigilia futi kuukuu, akachomeka pini mwanzoni, na zile wiki mbili zilipopita, kila Jumapili akawa anaisogeza vistari saba. Kila siku alikuwa anaukanda mguu, anaukunja na kuukunjua, asubuhi na jioni. Wateja walilalamika. Mwanamke aliyemkosesha mtu gauni la harusi ya dada yake hakukosa Jumapili hata moja kwa ajili ya ndama!

"Nieleze vizuri," alisema siku moja, mikono imezama kwenye paja la Bi Harusi. "Huko ndani kunafanyika nini?"

"Lastiki ya sketi ikikatika unafanyaje, Shangazi?"

"Naitoa ile mbovu. Naifunga mpya kwenye pini, naipitisha kwenye njia ile ile ya zamani hadi itokeze upande wa pili."

"Basi ndicho kinachofanyika. Uzi wa mshipa ukikatika, kipande cha chini kinakufa na kusafishwa. Njia yake inabaki. Na kwenye kuta za njia hiyo kuna seli zilizokuwa zinaufunika uzi wa zamani. Zinaongezeka, zinajipanga mstari, zinauelekeza uzi mpya: pita huku, pita huku. Ncha ya uzi inapapasa, inasogea."

"Na pini inayouvuta?"

"Hakuna pini. Unajivuta wenyewe."

Fundi Kesho aliacha kukanda. "Acha wewe!"

"Kweli tena. Na njia hiyo si mara ya kwanza kupitwa. Ndama alipokuwa tumboni, mdogo kuliko kidole chako, mishipa ya fahamu ilitoka uti wa mgongo hivyo hivyo, inapapasa, inautafuta mguu ambao ndiyo kwanza unachipua. Na kwenye mguu, seli ndogo ndogo zilikuwa zinaungana, moja na moja, zikawa nyuzi ndefu za msuli. Vikakutana. Hakuna aliyevishika mkono."

Daktari huyu alikuwa ameipenda kazi yake tangu siku alipoonyeshwa jambo hilo kwenye darubini, na kila akilisimulia alijisikia kama mtu anayemsifia ndugu yake.

"Na msuli wenyewe, sasa hivi?"

"Unangoja. Umenywea kwa sababu hauna wa kuuambia fanya hiki, fanya kile. Pembeni mwa nyuzi zake kuna seli za akiba zimelala. Kukipatikana kazi zinaamka, zinaujaza upya. Lakini ukingoja mno unageuka mafuta na kovu, na mshipa ukifika utabisha hodi nyumba tupu. Ndiyo maana unakanda."

"Basi nitakanda." Akaukanda kwa nguvu hadi Bi Harusi akamgeukia kulalamika.

Jambo moja daktari hakulisema nyumbani. Tangu siku ile alikuwa hapigi tena sindano. Kazini, mnyama akihitaji sindano, alijifanya anatafuta faili, au alimpa mwenzake bomba la sindano na kusema leo mkono unamuuma. Akijikaza kushika, vidole vilitetemeka, akaliona kalio la Bi Harusi mbele yake. Alishaandika barua ya kuomba kuacha kazi. Ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Alijiwekea ahadi kwamba mguu usipoinuka, barua inakwenda.

Siku ya mia moja tisini na nne ikafika. Pini kwenye mwimo ilikuwa imetimiza safari yake. Mzee Haraka alimleta mwenye bucha mapema, kabla hata ya saa waliyokubaliana, kama kawaida yake. Wakamvua ndama kiatu, wakamtembeza uani. Ukwato ukajikunja vile vile, ukaburuza mchanga. Wakamrudisha, wakamtembeza tena.

"Tarehe ni tarehe," alisema Mzee Haraka, lakini kwa upole. Na yeye alikuwa amemzoea ndama.

Daktari aliketi juu ya ndoo. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba, kwenye barua.

"Ngojeni kwanza." Fundi Kesho alivua futi shingoni. "Wewe mtoto, ulipompima huyu alikuwa na umri gani?"

"Miezi mitatu."

"Na leo?"

Daktari akanyanyua kichwa.

"Nguo ya mtoto anayekua unashonaje? Unaacha upindo! Umempima ndama kama unampima bibi yake." Akainama, akaweka ncha ya futi kwenye kalio la Bi Harusi, akaivuta hadi chini ya goti. "Ishirini na mbili. Mguu umerefuka, na njia imerefuka. Fundi wako bado yuko njiani."

Mwenye bucha, ambaye mikono yake imeshika misuli mingi kuliko daktari yeyote, aliuminya mguu taratibu juu ya goti. "Huku juu pamejaa," alisema. "Mguu uliokufa hauwi hivi."

Lakini daktari hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama kidole gumba cha shangazi yake, kilichobana ncha ya futi juu ya manyoya. Hapakuwa na alama pale, wala kovu. Na kidole kilikuwa pale pale, hakikukosea hata kwa upana wa ukucha, mahali sindano ilipoingia.

Akasimama. "Shangazi, hakulala vibaya. Ni mimi. Nilimchoma mshipa kwa sindano yangu, na nikakudanganya."

Mwenye bucha akaona viatu vyake vinafaa kutazamwa.

"Najua," alisema Fundi Kesho, akiikunja futi.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipopima. Mwanangu, mimi napima watu miaka thelathini. Anayebahatisha huweka futi, akaiondoa, akaiweka tena. Wewe uliiweka mara moja, kama mtu anayegusa jeraha lake mwenyewe. Na mimi naishi na sindano. Nimeshachoma wateja wangapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungelia, halafu ungekimbia. Nikaona nikungoje. Kama kuna kitu nakiweza hapa duniani ni kungojesha na kungoja."

Machozi yakamtoka daktari, akayaacha yatoke. Mzee Haraka alikohoa. Alitazama saa yake kwa mazoea, halafu akauficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa analamba sukari.

"Aliyesema piga popote ni nani?" aliuliza, na hakumtazama mtu. Kisha akamgeukia mwenye bucha. "Samahani kwa usumbufu, ndugu yangu. Tuonane baada ya siku arobaini. Au tusionane kabisa."

Pini ikarudi kazini. Siku ya thelathini na saba, Jumatatu mchana, nzi alitua kwenye goti la kushoto la Bi Harusi. Fundi Kesho alikuwa amelalia ukingo wa hori, anamsimulia ndama habari za mteja mkorofi. Akaona msuli ukicheza chini ya ngozi. Halafu ukwato ukainuka, ukanyooka mbele, ukatua. Bapa! Kwa wayo, si kwa mgongo.

Yowe alilopiga liliwatoa majirani ndani. Mzee Haraka alikuja mbio na kiatu kimoja. Daktari alipopigiwa simu aliacha chakula mezani, na alipofika wote watatu walipiga magoti mchangani wakiutazama mguu wa ng'ombe kama watu wanaotazama mtoto anayeanza kusimama dede. Ukainuka tena. Hafifu, wenye mashaka, lakini uliinuka. Mahali pa giza ndani ya nyama, bila macho wala pini, uzi mwembamba kuliko unywele ulikuwa umetembea sentimita ishirini na zaidi, ukaufikia msuli wake, nao msuli ulikuwa ungali unaungoja.

"Fundi kamaliza kabla ya tarehe," alisema Fundi Kesho, akijifuta macho kwa futi. "Siku tatu kabla! Mimi huyo namvulia kofia."

Kisha akaingia ndani, akarudi na kikaratasi cha kliniki. "Chanjo ya Bi Harusi imepita wakati wake. Nilijua umeacha kushika bomba, mwenzako wa kazini ni mteja wangu. Dawa unayo?"

"Ninayo kwenye kisanduku cha barafu."

"Haya. Shingoni, safari hii."

Akavuta dawa. Vidole vikaanza ule mtetemeko wao. Mzee Haraka alimshika Bi Harusi kichwa kwa mikono yote miwili, akamgeuza, akaiweka shingo wazi upande wa binti. Kisha akaachia mkono mmoja, akafungua saa kwa meno, akaitumbukiza mfukoni.

"Taratibu, mwanangu," alisema Mzee Haraka. "Taratibu. Tupo."

Daktari akasubiri hadi mkono ulipotulia, na wao wakasubiri naye. Akapiga. Bi Harusi akatikisa sikio moja, akaendelea kutafuna.