Siku Njema ya Kuanika Nguo

Umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ikiwadanganya majirani, nawe umesimama nje kwenye mvua, mlango umefungwa?

Oleta Sizemore aliisikia. Alfajiri ile kijito kilikuwa kinapanda, naye alikuwa ameegesha gari mbele ya kituo cha redio cha Laurel Gap, kile chumba kilicho juu ya duka la chakula cha mifugo. Alikuwa akigonga kioo cha mlango kwa kiganja. Ndani hakukuwa na mtu, taa nyekundu ya matangazo tu. Redio ya gari ikasema, kwa sauti yake iliyorekodiwa mwaka juzi, kavu na ya furaha: "Habari za asubuhi, majirani. Leo ni siku njema ya kuanika nguo." Kisha banjo.

Zamani chumba kile hakikukaukiwa na watu. Mzee Burl alikifungua kwa mlingoti wa redio aliounganisha mwenyewe, na wachimba makaa ya mawe walipitia hapo na fidla zao kabla hata hawajanawa. Tulipiga simu kuuza kuku, kutafuta mbwa aliyepotea, kumtumia mama wimbo. Saa sita mchana Oleta alisoma tanzia, na sufuria yoyote iliyokuwa inachemka ilipunguziwa moto. Na kijito kilipopanda, yeye ndiye aliyetuambia. Hatukuangalia maji. Tulimngoja Oleta.

Burl alipokufa, wanawe wakakiuza kituo kwa kampuni ya mjini. Kampuni ikaleta kompyuta, ikabadilisha kufuli, ikamfukuza Oleta, sauti yake ikaibakiza.

"Hiyo sauti ni yangu," alimwambia mkurugenzi.

"Ulilipwa mshahara, mama. Ni mali ya kituo."

Sasa, pale mlangoni kwenye mvua, aliipigia kampuni simu. Mashine ikamwambia, kwa matangazo ya biashara abonyeze moja. Akarudi garini, akashuka bondeni akipiga honi. Alipofika kwenye daraja hapakuwa na daraja.

Upande wa pili waliishi Hobart Fugate na mkewe, Zella. Mapafu ya Hobart yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la makaa. Alilala na mrija wa mashine ya hewa puani, redio kwenye kiti karibu na mto wake. Zella walimtoa kwenye paa la banda la kuku. Mwili wa Hobart waliupata kwenye uzio, chini kabisa ya bonde.

Pale kwenye ukumbi wa kanisa, Zella alikaa na blanketi, sahani ya maharage na mkate wa mahindi imepoa magotini. Oleta akapiga magoti mbele yake.

"Tulikusikia," Zella akasema. "Hobart alitaka twende. Alisema maji yananguruma. Nikamwambia, tulia mzee, Oleta hajasema kitu. Kasema siku ya kuanika nguo."

Hakumlaumu. Alisema tu, kama mtu anayeeleza njia.

Wiki iliyofuata, kampuni ikamtuma kijana mmoja, Prescott, mwenye mabuti mapya ya mpira. Aliweka maikrofoni kwenye meza ya ukumbini, katikati ya makopo ya msaada.

"Bi Oleta, watu wanakupenda. Tunataka uwafariji kidogo. Sema tu kwamba kituo chao kiko pamoja nao."

"Kiko wapi?"

"Ni namna ya kusema, mama."

"Niache nisome tanzia ya Hobart. Saa sita."

"Saa sita tumeshaiuza. Ni ya muuza magari."

"Basi iondoeni hewani ile siku njema yangu."

"Hilo si langu kuamua." Akamvalisha vipokea sauti masikioni, kwa upole, kama anayemvika mtoto kofia. "Sema kwa furaha. Ile sauti yako ya zamani."

Waliokuwa wakigawa maji waliweka ndoo chini. Taa nyekundu ikawaka.

Oleta akausogeza mdomo karibu.

"Majirani, ni Oleta," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani. Prescott akatabasamu. "Kijito kinapanda."

Prescott akabonyeza kuzima. Taa ikafa. Oleta hakuitazama, akaendelea na onyo la alfajiri ile.

"Acheni vyombo. Acheni kuku. Zella, mwamshe Hobart, mshike na mashine yake ya hewa, mpande mlimani sasa hivi."