Mboti ya Hezekiah

Jumanne moja mwaka 1964, Hezekiah Gatimu alinyoa ndevu, akavaa koti lake la harusi na kwenda mjini Nyeri kudai ploti. Ilikuwa kwenye senta ndogo ya njia ya Wamagana, na hapo ndipo alipokuwa akitengenezea milango kabla ya kukamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Alikaa kizuizini miaka sita. Aliporudi alikuta rejista ina jina la Moffat, karani wa chifu, ambaye ndiye aliyekuwa akiiandika rejista yenyewe. Moffat alikuwa amejenga duka la mawe hapo na kulipaka rangi ya samawati.

Ofisini alipokelewa na Wandera, karani mgeni kutoka upande wa ziwa, kijana wa adabu na mwandiko mzuri.

"Nimekuja juu ya mboti yangu," Hezekiah akasema. Kwa ulimi wa kwao Tetu, ploti ni mboti. Boti nayo ni mboti, ila huko hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuihitaji.

"Pole, mzee. Ilipotea?"

"Haikupotea. Irichukuriwa nikiwa ndani."

"Ni kubwa?"

"Si kubwa. Inatosha mtu na kazi yake."

"Iko karibu na maji?"

"Karibu sana. Mto uko hapo chini tu."

Wandera aliandika yote kwa uchungu wa kweli, maana kwao kumnyang'anya mtu boti ni kumnyang'anya maisha. Serikali mpya ilikuwa na haraka ya kutimiza ahadi. Baada ya miezi minne lori lilifika kutoka Kisumu, likashusha kando ya barabara, mkabala na duka la Moffat, boti kuukuu ya kuvulia samaki. Dereva alikuwa na barua iliyosema madai yamekubaliwa na faili imefungwa.

Watiri, mke wa Hezekiah, aliizunguka boti mara mbili. "Ati hii ndio wamekupea?"

"Ndio hii."

"Na utaifanyia nini?"

"Nitaitengeneza. Siwezi kuacha kitu iko na jina yangu ioze barabarani, Moffat akiangalia."

Boti ilivuja tangu siku ya kwanza. Zile za kwingine huvuja maji yakiingia. Hii yalikuwa yakitoka. Ndani ilikuwa kavu, lakini katika kila mwanya wa mbao yalichuruzika maji ya ziwa, pamoja na omena wachache. Watu wa senta hawakuwa wakila samaki, kwa hiyo omena walikuwa wa Benter, mwalimu aliyetoka Kendu Bay, ambaye alipita kila Jumamosi na karai lake na kusema asante.

Maji yalivuka barabara, yakapanda kidogo, yakapita nyuma ya duka la Moffat na kupiga kona nne. Kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba, na kando yake yakachipuka maua ya itoka, yale yanayopandwa mpakani, ambayo Moffat aliyang'oa zamani. Wazee waliyatazama, wakakubaliana kwamba ndiyo hiyo, ploti ya Hezekiah, kona kwa kona. Kisha wakaingia dukani kununua sukari.

Hezekiah alianza kazi peke yake. Ubao wa kwanza aliukata kama mlango, akaacha nafasi chini ili usikwame wakati wa mvua. Benter alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

"Mzee, hapa hakuna mtu atapita! Ziba na pamba na mafuta, ndio upige msumari."

Alijifunza. Akatumia mtarakwa, akaupiga randa mpaka ukang'aa. Lakini kila alipomaliza ubao mmoja, wa pili ulikuwa umeoza, na alipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umechakaa. Miaka tisa ilipita hivyo. Hakukuwa tena na ubao hata mmoja uliotoka Kisumu. Boti yote ilikuwa ya mkono wake. Watu walishuka Karatina siku ya soko wakisimulia kwamba Tetu kuna boti nzuri, na Hezekiah akisikia alitembea kifua mbele. Alikuwa na fahari nayo, na hakuificha.

Mwaka 1973 alipiga msumari wa mwisho. Maji yakaacha kufuata mfereji, yakajaa ndani ya ile mipaka mpaka magotini, bila tone moja kuvuka itoka. Boti ilijiinua, ikavuka barabara taratibu na kutulia mbele ya baraza la duka. Moffat alipandisha sukari rafu ya juu, akavaa gambuti, akaendelea kuuza.

Maafisa wawili walikuja na tepu. Walipima maji, wakaona yanalingana na ploti ya zamani mpaka inchi ya mwisho, wakaandika hivyo. Rejista hawakuigusa. Waliacha barua: ploti ni ya Moffat, boti ni ya Hezekiah, nayo iondolewe hapo mara tu matengenezo yatakapokamilika.

Hezekiah aliisoma barua mara mbili, akaitia katika mfuko wa koti la harusi. Iliuma, na alimwambia Watiri kwamba inauma. Kisha akapanda botini na, watu wote wakitazama, akang'oa ubao mmoja mzima, usio na kasoro yoyote.

Tangu siku hiyo hupigilia ubao mmoja asubuhi na kung'oa mwingine jioni. Watiri humletea chai hapo hapo, akiwa amekunja sketi. Moffat naye hutoka barazani na gambuti zake.

"Hezekiah, bado haijaisha tu?"

"Bado kidogo," humjibu, msumari mdomoni, akiwa amesimama juu ya mboti yake.