Boksi Chini ya Kitanda

Walimwita Fagio tangu utotoni, na jina likamkaa. Hakuweza kupita penye uchafu akauacha. Alipokua akapata kazi hotelini, akapanda hadi kuwa msimamizi wa usafi wa vyumba, na wahudumu walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Huko kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: alichosahau mgeni hakitupwi. Iwe soksi moja yenye tundu, iwe dawa ya meno iliyobaki mkia, inatiwa kwenye mfuko, inaandikwa namba ya chumba, inakaa stoo miezi sita. Msichana mmoja aliwahi kutupa miwani iliyovunjika mkono, na Fagio akamsema mbele ya wenzake mpaka machozi yakamtoka. "Wewe nani hata uamue kipi cha mtu ni takataka?" Jumapili iliyofuata alimsimulia mama yake kisa hicho huku akijipigapiga kifua, na mama akacheka, akasema hapo umenena.

Lakini nyani haoni kundule.

Macho ya mama yalikuwa yamefunga kidogo kidogo, mpaka akabaki kutambua tu kwamba kuna mwanga au hakuna. Aliishi peke yake na kujikaza kisabuni, hadi siku alipomimina maji ya moto pembeni ya kikombe, yakamwagika pajani. Fagio akasema basi, mama anahamia kwake. Mama alikataa, akanuna, mwisho akakubali kwa sharti moja.

"Vitu vyangu nitachagua mwenyewe. Kila kimoja kipite mkononi mwangu kwanza. Nikisema kinakwenda, kinakwenda."

"Haya, mama. Nakuahidi."

"Sema tena."

"Nakuahidi, mama."

Chumba alichomwandalia kilitosha kitanda, kabati dogo na kiti. Fagio alikuwa amekipima kwa macho yake ya kazini, akaona kwamba zaidi ya boksi moja hakuna pa kuweka. Hilo hakulisema. Alidhani mama, akishika hayo makorokoro moja moja, atajionea mwenyewe kwamba hayana maana.

Wapi! Mama alikaa kwenye kiti chake sebuleni, boksi upande wa kulia, gunia la taka upande wa kushoto, na kila alichopewa alikipapasa, akatabasamu, akasema, "Hiki kinakwenda." Kifuniko cha birika ambalo lenyewe lilivunjika kabla kaka yake Fagio hajaota meno: kinakwenda. Redio isiyo na kitu ndani: inakwenda, baba yenu aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Kalenda ya mwaka uliokwisha kufa na kuzikwa: inakwenda, ina picha ya farasi. Boksi likafika nusu, na kabati la kwanza bado halijaisha.

Ndipo vikaja viatu.

Baba yao alikatwa mguu wa kushoto akiwa bado na nguvu zake. Kwa kuwa hakuna duka linalouza kiatu kimoja, kila alipohitaji kiatu ilibidi anunue jozi. Cha kulia alikivaa mpaka kikatoboka, cha kushoto alikipaka rangi na kukirudisha kwenye karatasi yake. "Hivi navitunza," alikuwa akisema, "mguu ukirudi usinikute sina adabu." Alikufa na mguu haukurudi. Viatu vya kushoto vikabaki uvunguni mwa kitanda, vipya, vinang'aa, havijawahi kukanyaga chini.

Mama alivipokea kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye soli iliyokuwa laini kama siku ilipotoka dukani. "Vinakwenda vyote," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Fagio akavitazama. Viatu vya upande mmoja, ambavyo hata wa kugawiwa hayupo. Akalitazama boksi. Halafu, bila kujiambia kwamba anafanya hivyo, akainama upande wa kushoto, akavitia kwenye gunia polepole, kwa utaratibu, kama anayelaza mtoto.

"Umeviweka?" mama akauliza.

"Nimeviweka, mama."

Uongo wa kwanza ulimkwaruza kooni. Wa pili ulipita vizuri. Kufika saa ya chai alikuwa anajibu "nimeweka" kabla hajaulizwa, na alipoona boksi bado limejaa mno, akaanza kuchomoa hata vile alivyokwisha kuviweka kwa haki. Redio ikaenda. Kifuniko kikaenda. Farasi naye akaenda. Mkono wake ulikuwa mwepesi, umezoea kazi, haukujua pa kukoma, na uso ulimwaka moto. Alikuwa anamwibia mama yake mchana kweupe, naye mama amekaa mbele yake ametabasamu.

Mzoa taka alipita na mkokoteni wake wakati Fagio ameweka birika la chai jikoni. Alimkabidhi gunia mlangoni, akarudi ndani haraka. Hakujua kwamba watu wa kazi ile hawaondoki kabla ya kukagua. Yule bwana alifungua gunia pale pale barabarani, akatoa kiatu, akakigeuza, akatoa kingine, akatoa kingine tena. Kisha akapaza sauti ya mtu aliyezoea kuita mitaa mizima:

"Dada! Hivi vya kulia viko wapi? Mbona umenipa vya kushoto vitupu?"

Fagio alitoka mbio, nusura ajikwae. Alijiwekea kidole mdomoni, akamsihi kwa mikono aende, aende tu. Yule bwana akamshangaa, akavirudisha viatu kwenye gunia na kusukuma mkokoteni wake.

Aliporudi, birika lilikuwa linachemka kwa kelele. Mama alikaa vile vile, mikono magotini. Labda hakusikia, Fagio alijiambia, birika lile linapiga kelele kama nini.

"Mwanangu," mama akasema, "hebu niletee boksi langu nilipakate."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini akiwa na haraka huichonga akairefusha. Boksi lilikuwa jepesi, karibu tupu. Fagio alilibeba hadi jikoni akisingizia kwamba analifunga vizuri, akatazama huku na huku. Kwenye kona palikuwa na pasi ya mkaa, ya chuma, ile ambayo mama alipigia nguo zao za shule. Akaitia chini. Juu yake akashindilia magazeti ya zamani, akazungushia utepe wa gundi, akaja kumpakatisha mama yake.

Mama alilipima kwa mikono miwili. Akalitikisa kidogo, chuma kikagota chini, karatasi zikachakacha. Akaweka kiganja juu yake, kikakaa hapo.

"Naam," akasema. "Zito."

Kesho yake akahama.

Fagio alidhani aibu ni kitu kinachochakaa kwa siku, kama shuka za hoteli. Kumbe hii ilikuwa inakua. Boksi lilikaa chini ya kitanda cha mama, na kila alipodeki chumba kile alilizungukia asiliguse. Mama hakuomba lifunguliwe hata siku moja. Wageni wakija aliwaambia, "Mwanangu amenipokea na vitu vyangu vyote," na Fagio, aliyeshika sinia la vikombe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazini nako hakukukalika. Akiingia stoo na kuona soksi za watu asiowajua zimepangwa kwenye mifuko yake, kila moja na namba ya chumba, alitoka bila kukagua. Yule msichana wa miwani alimsalimia, na Fagio akaitikia akitazama sakafu.

Halafu Jumapili moja akaja kaka yake, dereva wa malori, mtu wa vicheko na tumbo. Alikula, akanywa, akaingia kumwamkia mama.

"Mama, mimi nataka kiatu kimoja cha baba. Vile vya kushoto. Nikiweke kwenye lori, mbele pale, nimkumbuke mzee na maneno yake."

Fagio alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapana, baba," mama akasema kwa utulivu. "Vile viatu nilivigawa."

"Uligawa? Viatu vya upande mmoja? Nani atavitaka?"

"Nilimpa mzoa taka. Hata yeye alishangaa, akauliza vya kulia viko wapi."

Kaka mtu akacheka mpaka akajifuta macho, akasema mama umezeeka vibaya, wamtoa mzee wetu kwa mkokoteni! Mama naye akacheka pamoja naye. Fagio alishika fremu ya mlango.

Lori lilipokwisha kuondoka, alirudi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kusema nisamehe, akabaki kulia tu kwa sauti ya chini, mtu mzima mwenye funguo za ghorofa nzima kiunoni.

"Ile pasi yangu itoe kwenye boksi," mama akasema. "Itashika kutu. Magazeti yaache, sina shida nayo."

Fagio akalivuta boksi, akauchana utepe. Pasi ilikuwa pale chini, na kutu imeanza pembeni.

"Hivi kule kwenu hotelini," mama akauliza, "mgeni akisahau soksi, mnamwekea muda gani?"

Fagio akaifuta kutu ile kwa kidole.

"Miezi sita, mama."

"Ni mingi," mama akasema, na akanyoosha mkono apewe pasi yake.