Boksi Chini ya Ruta

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kukaa kwetu kwa siku chache. Watoto walimzoea hadi wakaanza kusema sebuleni ni chumbani kwa mjomba. Alilala kwenye kochi langu, akakoroma kwenye kochi langu, na rimoti ya televisheni akailalia. Mwanamume mzima nikawa nasikiliza taarifa ya habari jikoni, nimekaa juu ya ndoo.

Kazi yake ilikuwa kuuza ruta kubwa. Si zile za kuweka juu ya kabati nyumbani. Hizi zina kimo cha mtu, na intaneti ya mji mzima hupita tumboni mwake. Kampuni ninayofanyia kazi, mimi fundi wa viyoyozi, ilitaka kununua moja. Watengenezaji wawili wakagombania. Mmoja ni kampuni ya shemeji. Wa pili aliwakilishwa na dada mmoja tuliyemwita Wembe, na ukimsikia akiongea hutauliza kwa nini. Shemeji akisema ruta yao inapitisha filamu za mji mzima kwa kufumba na kufumbua, Wembe anajibu, "Yetu inamaliza kabla hujafumba."

"Nikishinda napewa nyumba ya kampuni," shemeji aliniambia. "Nikishindwa, ofisi inafungwa. Nitabaki hapa hapa na nyinyi."

Nilianza kumwombea ushindi kuliko alivyojiombea mwenyewe.

Mhandisi mkuu wetu ni mama asiyeamini wauzaji. Ruta zote mbili alizivisha turubai jeusi, majina akayaziba, akazisimamisha bega kwa bega kwenye chumba cha mitambo. Ipi ya nani, alijua yeye peke yake. Zikapewa mzigo wa intaneti ulio sawa, wiki nzima. Itakayochoka kwanza imeshindwa.

Siku wauzaji walipoletwa kutazama, shemeji alinivuta pembeni.

"Ya kushoto ndiyo ya Wembe. Sikia inavyopiga kelele. Yetu inapumua kama mtoto mchanga amelala."

"Umeijuaje?"

"Shemeji, nimeiuza kwenye maonyesho matatu! Haijawahi kutoa hata mguno." Akashusha sauti. "Hewa ya baridi si inatoka kwenye vigae vyenye matundu, chini? Nizibie cha kushoto."

"Sizibi."

"Kidogo tu."

"Nina watoto. Toka mbele yangu."

Akatoka. Kesho yake nikaona kipimajoto cha ruta ya kushoto kimepanda, feni zake zinalia kama zimechomwa. Nikainua kigae. Chini yake kulikuwa na kipande cha boksi, kimebanwa vizuri, kimezuia hewa yote. Kumbe mtu ambaye nyumbani hawezi kutandika hata shuka lake aliweza kupiga magoti kwa suti, wenzake wakiwa wanahojiana na mhandisi.

Nilisimama pale nikafikiri. Nikilitoa, atalirudisha. Nikiliacha, ni wizi, na sakafu ile ni jukumu langu. Halafu nikaliwazia kochi. Mwisho nikaenda kwenye takataka za stoo, nikakata kipande kingine cha ukubwa ule ule, nikakisukuma chini ya ruta ya kulia. Kama ni joto, zote zilionje. Kama ruta ya shemeji ni bora kama anavyoimba kila siku kwenye chakula, basi ivumilie.

Siku ya mwisho tuliitwa kwenye chumba cha mitambo. Ruta ya kushoto ilikuwa inanguruma mpaka meno yanatetemeka. Ya kulia ilikuwa kimya, taa nyekundu inawaka. Ilijizima kwa joto asubuhi ile.

"Mshindi ni huyu anayepiga kelele," mhandisi akasema, mkono wake uko kwenye turubai.

Shemeji akaruka mbele, tai imemkaa begani. "Mama, subiri! Jaribio limeharibiwa! Kuna boksi chini ya sakafu! Lirudiwe!"

Mhandisi akamgeukia polepole. "Umejuaje kuna boksi chini ya sakafu?"

Wembe akamwambia shemeji, "Jibu, kaka. Sote tunasubiri."

Nikaambiwa niinue kigae cha kushoto. Boksi likatoka, na ubavuni limeandikwa jina la kampuni ya shemeji kwa herufi kubwa. Nikaona niinue na cha kulia kabla sijaulizwa.

"Na hili?" mhandisi akauliza.

"Hili langu, mama. Nilisawazisha."

Mhandisi akavuta turubai la kushoto. Ruta iliyokuwa inanguruma ilikuwa ya shemeji. Kumbe kule kwenye maonyesho ilikuwa kimya kwa sababu haikupewa kazi yoyote.

"Zote zimepata joto sawa," mhandisi akasema. "Tutainunua hii. Lakini wewe usikanyage hapa tena."

Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaisaini bila ubishi. Shemeji alipigiwa simu tukiwa bado kwenye korido. Kampuni yake, iliyokwisha kuelezwa yote na mhandisi, ilimshukuru kwa biashara na kumfukuza kwa pumzi hiyo hiyo. Nikaiona ndoo yangu ya jikoni ikiningoja maisha yote.

Getini Wembe alitufuata.

"Kaka, ile ruta yenu unaijua vizuri?"

"Kama kiganja changu," shemeji akasema. Nikakohoa.

"Tunakwenda kugombania mji mwingine, na watu wako wa zamani watakuwepo. Nataka mtu wa kunieleza ubovu wao."

"Ubovu?" Shemeji akanyoosha tai. "Dada yangu, utaacha lini kucheka? Kwanza ile kelele. Ile si mashine, ni kinu cha kusaga! Mimi niliwaambia tangu mwanzo."

"Huo mji uko mbali?" nikamwuliza Wembe.

"Mbali sana."

"Nyumba ipo?"

"Ipo, ya kampuni."

Nikasogea pembeni nikampigia mke wangu, nikamwambia mdogo wake amepata kazi na anaondoka leo.

"Leo? Hata nguo zake hazijakauka!"

"Zitakaukia njiani," nikasema. "Funga begi, nakuja kulibeba mwenyewe."