Picha Ikilowa Huimba

Nasimiyu husafisha filamu zake Jumapili asubuhi, majirani wa Kimironko wakiwa kanisani na hakuna wa kugombania naye maji ya bomba. Chumba chake cha giza ni bafu lenye blanketi dirishani na taa nyekundu juu ya mlango. Anapiga picha za matamasha ya muziki kwa filamu nyeusi na nyeupe, na ukimwuliza kwa nini asitumie kamera ya kisasa kama wenzake, atakujibu kwamba kila mtu na wazimu wake.

Jumapili hiyo alikuwa na picha za tamasha la Trinah, lililofanyika Remera. Alitia karatasi ya kwanza kwenye beseni la dawa, akaliinamisha huku na huku. Trinah akatokea, mkono juu, mdomo wazi. Nyuma yake, kwenye kona, spika ikiwa imemla nusu ya uso, akatokea Mugeni, mwitikiaji wake. Hapo picha ikaanza kuimba.

Iliimba wimbo wa Trinah wote, ubeti kwa ubeti. Nasimiyu alikereka kidogo, maana kelele zilimpoteza hesabu ya sekunde. Aliisuuza, akaibana kwenye kamba, na ilipokauka ikanyamaza. Picha za Trinah peke yake alizilowesha mpaka zikajikunja. Hazikutoa hata pumzi.

Mchana alimwita Mugeni, akatumbukiza ile picha kwenye maji.

“Ni mimi,” Mugeni alisema.

“Najua. Ubeti wa pili pumzi ilikukatikia.”

“Nilikuwa na mafua.”

Mambo yalikuwa hivi. Trinah ni mrembo, ana roho nzuri, na anacheza vizuri sana. Sauti tu ndiyo Mungu alimnyima. Mwandaaji wa matamasha yake, Rodney, alimweka Mugeni nyuma ya spika, kavaa nguo nyeusi asionekane, aimbe yeye, na Trinah achezeshe midomo. Mugeni alikubali kwa sababu alipenda kuimba kuliko kula. Mama yake, Kabagwira, fundi cherehani wa sokoni Kimironko, hakuwahi kukanyaga tamasha na hakuamini neno lolote la mwanawe kuhusu kuimba huko. “Jina lako likiandikwa kwenye bango, nitanyamaza,” alimwambia. “Mvua zikiisha halijaandikwa, unarudi kwenye cherehani.” Na Kabagwira si mtu wa kusema mara mbili.

Rodney, aliyekulia Kampala, alikuja kuchagua picha ya bango la tamasha lililofuata. Alichagua ile ile.

“Trinah ametoka vizuri. Huyu wa nyuma iko nani?”

“Ndiye anayeimba,” Nasimiyu alisema.

“Kuimba najua. Nauliza kama anaharibu picha.”

“Ukimkata yeye, unaukata na mkono wa Trinah.”

“Basi akae. Lakini jina, hapana. Nafasi iko kidogo.”

Nafasi ilitosha namba tatu za simu na chupa mbili za soda.

Mabango yalibandikwa, mvua ikanyesha, na kuta za Remera zikaimba. Wenye pikipiki walizima injini wakafunua vioo vya kofia zao. Watu waliokuwa kituoni waliyaacha mabasi yao yaende. “Huyu Trinah anaimba vizuri zaidi kwenye mvua,” walisema, wakifuta miwani. Mugeni alikuwa kasimama katikati yao na alisikia kila neno. Iliuma. Alitoka chini ya paa akalia, na kwa kuwa wote walikuwa wamelowa, hakuna aliyemwuliza kitu.

Tamasha lilipita. Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu walitoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, kama kawaida, na kundi la Kabagwira likapewa kazi ya kubandua mabango. Alimwagia ukuta maji ili gundi ilainike. Ukuta ukaimba. Kabagwira aliweka ndoo chini, akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

“Huyu ni mwanangu,” alimwambia jirani yake, Mukeshimana.

“Mbona imeandikwa Trinah?”

“Karatasi na iseme itakavyo. Mimi ndiye niliyembembeleza akilia kwa sauti hiyo usiku kucha.”

Alilibandua bango polepole, lisichanike hata pembe moja, akaenda nalo.

Sasa liko ukutani juu ya cherehani yake, sokoni. Asubuhi, kabla ya kupiga pasi, hunyunyizia nguo maji, halafu hulinyunyizia bango. Wateja wakija na vitambaa vyao, anawaonyesha kwa kidole chenye kastabini. “Huyu wa mbele mtazameni. Huyu wa pembeni msikilizeni.” Mvua zikaisha, na habari ya Mugeni kurudi kwenye cherehani haikutajwa tena.

Mwisho wa mwaka Trinah alipewa tuzo ya sauti bora. Alilia, akamshukuru Mungu. Mugeni alipiga makofi nyuma ya spika.

Wiki hiyo Kabagwira alibisha hodi kwa Nasimiyu, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

“Kwenye filamu yako, nyekundu hutokaje?”

“Nyeusi-nyeusi.”

“Njano?”

“Kijivu.”

“Na nyeupe?”

“Hiyo haifichiki, mama.”

Alishona gauni jeupe, refu, la mikono mipana, na Mugeni akalivaa kwenye tamasha lililofuata. Rodney aliliona taa zikiwa zimeshawaka na watu wakipiga miluzi, basi akaagiza spika isogezwe mbele zaidi, imzibe Mugeni. Wasanii walitajwa mmoja mmoja mpaka wapiga ngoma. Jina la Mugeni halikusomwa.

Jumapili waliingia bafuni watatu, wakibanana chini ya taa nyekundu: Nasimiyu, Mugeni, na Kabagwira ambaye siku hiyo hakwenda kanisani. Karatasi ilizama kwenye dawa. Pazia likawa jeusi kwanza, ikafuata spika, kisha vichwa vya watu, kisha Trinah na gauni lake jekundu. Karatasi nzima iliingia giza, isipokuwa mahali pamoja nyuma ya spika, mikono mipana ilipochomoza, palipokataa katakata. Bafu lote likajaa wimbo. Nasimiyu alichukua koleo aihamishe.

Kabagwira alimshika mkono. “Iache kwanza,” alisema. “Bado anaimba.”