Maneno Mawili ya Seremala

Kazi yangu ni kutafsiri, na ugonjwa wangu ni umbea, siufichi. Seremala mmoja alipoingia ofisini na karatasi yake, nikamwambia, "Karibuni, mzee," macho yangu yameshatangulia kusoma.

Ilikuwa hotuba fupi kuhusu mwanawe aliye ng'ambo. Wiki ijayo anapewa tuzo kazini, na mkuu wake ameomba neno la mzazi, lisomwe kwa Kiingereza mbele ya watu wote. Mwanangu alijifunza kuhesabu kwa misumari. Mwanangu alinivunjia randa mbili. Mwanangu hivi, mwanangu vile. Mimi nikiona randa na misumari, nishajua ni wa kiume. Nikachapa tafsiri, nikaanza kumsomea.

"Hapo hapo!" Akapiga meza. "Umesema 'hi'. Futa."

Nikafuta hilo la kiume, nikaweka la kike, 'shi'. Meza ikapigwa tena.

"Kumbe Kiingereza unakijua, mzee?"

"Maneno hayo mawili tu. Nimejifunza ili niyakamate."

Makubwa! Nikavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba miaka mitatu iliyopita mwanawe alimwomba asimwite tena "baba" wala "mama", kama tunavyowadekeza watoto. Amwite "mwanangu", inatosha.

"Nikamcheka mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Akisikia hiyo 'hi' au 'shi' kutoka kwangu, ndiyo basi, nimempoteza."

Jamani, iliniuma. Nikamwambia lipo neno la tatu, 'dhei'. Maana yake ni "wao", lakini Waingereza hulitumia hata kwa mtu mmoja.

"Wao? Kwani mwanangu ni kikosi?"

"Ulipoingia nilikwambia 'karibuni'. Ulikuja na nani?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Nikasoma upya, polepole. Alifumba macho, kiganja kikipita juu ya meza yangu kama anayetafuta vibanzi kwenye ubao. Nilifika mwisho bila kusimamishwa.

"Safi," akasema.

Umbea ukanishinda. "Basi niambie mimi tu, mzee. Ni wa kiume au wa kike?"

"Ni mwanangu."

Nikakoma. Akaomba mstari mmoja uongezwe chini, ubaki kwa Kiswahili, na mkuu asiusome. Mwanawe atausoma mwenyewe. Nikasubiri vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Andika: nilikosa. Karibuni nyumbani, mwanangu."